Balkoni karibu na maji: kusoma Titanic tukiwa ziwa Kivu



Mwenzetu mmoja aliye Canada alituma kwenye grupu picha ya kabini ya meli ya kitalii: kitanda cheupe, mlango wa kioo, balkoni ndogo, na chini yake maji, karibu sana hadi unafikiri utanawa mikono bila kuinama. Akauliza: nichukue hii ya chini ama ya juu? Majibu yalikuwa mengi, ya kuchekesha karibu yote. Mmoja aliandika: "Chini ni kwa Jack, juu ni kwa Rose, wewe uko nani?" Watu wakacheka, mjadala ukaisha.

Mimi haukuniishia. Jibu lile linaonyesha kwamba sisi wote, watu wa mji ulio ukingoni mwa ziwa, tumejifunza meli kutoka filme moja ya Marekani. Titanic ya James Cameron ilitoka mwaka 1997, ikapata Oscar 11, na tangu hapo imepita Bukavu kwa kaseti, kwa CD za kuchoma, kwa flash, kwa simu. Kuna watu hapa ambao hawajawahi kuvuka hata kwenda Idjwi lakini wanajua mlango wa daraja la tatu ya Titanic uko wapi. Basi niruhusuni niisome ile filme kama filme juu ya kabini. Mapenzi tuyaache kando, yamesemwa ya kutosha.

Angalia namna filme inavyopanga watu. Rose anakaa daraja B, katika nyumba nzima iliyo ndani ya meli, na baraza yake mwenyewe ya kutembelea. Hiyo si uongo wa Cameron: Titanic ya kweli ilikuwa na nyumba mbili za namna hiyo, kila moja na baraza yake ya faragha. Lakini baraza ile ilikuwa juu, na ilifungwa na madirisha. Tajiri wa 1912 hakutaka maji karibu. Maji karibu yalimaanisha unyevu, kelele ya mashine, harufu, na majirani wasio na viatu. Alilipa ili bahari ibaki mbali, iwe picha. Jack naye, aliyepata biye yake kwa kushinda karata, analala chini, kwenye kitanda juu ya kitanda. Bei inapanda na ngazi. Mtoto wa miaka kumi anaielewa bila mtu kumfasiria, njo maana filme ina nguvu.

Leo soko limegeuza jambo. Kampuni ya Carnival, kwa mfano, ina meli zenye kabini ambazo balkoni yake imekatwa ndani ya ukuta wa chuma wa meli, karibu na usawa wa maji. Watu wanazitafuta kwa jina. Wanaozipenda wanasema unasikia povu likipita, jua halikuchomi, upepo haukurushii kofia, na usiku unalala kama uko mtumbwini lakini bila hofu ya mtumbwi. Bahari ikichafuka, wafanyakazi wanakuja kufunga ule mlango wa balkoni, na hapo kabini yako yenye balkoni inakuwa kabini tu.

Kuhusu kuyumba, wanasema kweli, na hapa elimu yangu ya mashamba inatosha kueleza. Chukua mti wa eukaliptusi siku ya upepo. Kwenye shina hausikii kitu, kileleni tawi linapiga huku na huku. Meli ni vile vile: kadiri unavyopanda ndivyo unavyobembezwa zaidi. Na kwa urefu wake meli ni kama ubao wa watoto wa kubembea: anayekaa mwishoni anapanda na kushuka, anayekaa katikati anabaki mahali pake. Kwa hiyo jibu kwa mwenzetu wa Canada ni chini, na katikati ya meli, mbali na nanga kule mbele na mbali na mashine kule nyuma. Aangalie pia kwenye ramani ya meli kama hakuna mashua za uokozi zinazoning'inia mbele ya kioo chake. Swali lake limekwisha.

Letu halijaisha. Juu ya nini? Kwa sababu maneno "karibu na maji" katika ziwa hili yana historia nyingine.

Mnajua wote safari ya Bukavu kwenda Goma. Kuna wanaochukua kano ya mwendo wa haraka, wanafika baada ya saa chache. Kuna wanaochukua bato kubwa, la polepole, mara nyingi la usiku. Katika bato kubwa kuna VIP juu, halafu madaraja yanashuka mpaka yanafika mahali ambapo hakuna tena jina, kuna magunia. Nimesafiri mara kadhaa kule chini, kipindi nilipokuwa nafuatilia mbegu za maharagwe kati ya Kalehe na Goma na pesa ya misioni haikuruhusu kupanda ngazi. Sitataja bato. Joto la mashine linapita kwenye chuma mpaka mgongoni. Vitunguu, makopo ya mafuta, kuku waliofungwa miguu. Ba mama wamelala juu ya magunia yao, mkono umeshika kamba ya mzigo hata usingizini. Dirisha ni duara dogo, na nje yake, kimo cha bega langu nikiwa nimekaa, kuna maji.

Na niseme ukweli: kwa macho, hakuna mahali pazuri kama pale. Usiku wavuvi wa sambaza wako ziwani, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu inayotoka mbele kama pembe, na taa zimewashwa kuita samaki. Ukiwa juu, kwenye VIP, unaona nukta za mwanga, unasema "ni vizuri", unarudi kwenye televisheni. Ukiwa chini, taa iko kimo chako. Unaona uso wa mvuvi, unaona wavu, unasikia anachomwambia mwenzake. Sambaza wenyewe si wa ziwa hili, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni chakula cha kila nyumba. Kutoka juu hauoni hiyo kazi. Hapo wapenzi wa balkoni ya chini wana haki kabisa: urefu unatufanya watazamaji, ukaribu unaturudisha ndani ya kitu.

Lakini tofauti yetu na yule mwenye balkoni ni moja: yeye ana mlango. Katika safari moja kati ya hizo, ngazi ya kutoka kule chini ilikuwa moja, nyembamba, na mlango wake wa juu ulifungwa kwa kamba ili "watu wa magunia" wasipande kuchafua VIP. Nilimuuliza kijana aliyekaa pale akanijibu kwa heshima kabisa: "Grand, ni amri tu." Alikuwa mpole. Kamba ilibaki.

Hapo njo ninarudi kwenye filme, kwa sababu Cameron aliiona hiyo kamba. Sehemu nzuri kuliko zote katika Titanic, kwangu mimi, si ile ya mikono iliyonyoshwa mbele ya meli. Ni pale Jack na wenzake wanapofika kwenye lango la chuma lililofungwa, wanang'oa benchi, wanalipiga lango mpaka linavunjika. Kwa dakika chache filme inaacha kuwa hadithi ya mkufu wa almasi, inakuwa hadithi ya ngazi na milango. Na kuna mama mmoja wa daraja la tatu, amebaki kabini na watoto wake wawili kitandani, anawasimulia hadithi ili walale, maji yakiwa yanapanda. Hana jina. Kamera inamwangalia kidogo, inaondoka.

Lawama yangu kwa filme inaanzia hapo. Kule chini Cameron anakupenda kwa namna ya mtalii. Anaenda kucheza ngoma, anakunywa bia, anasema kwamba masikini njo wanaojua kuishi, halafu maji yanapoingia anamfuata kijana mmoja tu. Wengine ni mandhari. Hesabu yenyewe lakini ni kali kuliko filme. Meli ilikuwa na watu karibu 2,200; mashua zake 20 za uokozi zilikuwa na nafasi 1,178. Walikufa karibu 1,500. Katika daraja la kwanza zaidi ya nusu waliokoka. Katika daraja la tatu, karibu mmoja kwa wanne. Na baadaye, Uingereza ilipofanya uchunguzi wake, hakuna abiria hata mmoja wa daraja la tatu aliyeitwa kutoa ushahidi, na uchunguzi ukasema hawakutendewa vibaya. Hiyo ingekuwa mwisho wa filme bora kuliko bibi kizee anayetupa almasi baharini.

Watu watasema ni mambo ya wazungu ya zamani. Sawa, twende Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama katika ziwa Victoria ikikaribia bandari. Mamia walikufa. Orodha ya abiria ilikuwepo kwa daraja la kwanza na la pili: watu 443, wakati meli ilitakiwa kubeba karibu 430. Kwa daraja la tatu hakukuwa na orodha. Soma tena: hakukuwa na orodha. Watu waliokaa pabaya zaidi njo ambao hakuna aliyewaandika, na mpaka leo idadi ya wafu wa Bukoba ni makadirio. Mimi ninapofikiria kabini karibu na maji, ninafikiria karatasi ile ambayo hakuna mtu aliijaza.

Na kwetu? Aprili 2019 mtumbwi mkubwa wenye mashine ulizama upande wa Kalehe, watu karibu 150 hawakuonekana, raisi Tshisekedi akaja mwenyewe na kusema kwamba kila abiria lazima avae jile ya kuokoa. Halafu tarehe 3 Oktoba 2024, Merdi. Ilitoka Minova, ikafika mbele ya porti ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakiiona. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza siku ile watu 278 ndani na wafu 78. Hesabu nyingine zikatofautiana. Barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo kila kilichopita kwa lori kilianza kupita kwa maji: watu, ndizi, maharagwe, mihogo.

Video mmeiona. Ni fupi, imechukuliwa kutoka pwani, bato limelala upande mmoja, linalala zaidi, watu wanaanguka kama nafaka kwenye ungo. Mimi kama mtu anayeandika juu ya picha nitasema jambo moja tu juu yake. Niliiona kwenye grupu fulani ikiwa imewekewa muziki wa huzuni, wenye vinanda. Aliyefanya vile alifikiri anatoa heshima, kumbe alikuwa anaigeuza Titanic. Video ya kwanza, ile isiyo na muziki, inakulazimisha kutazama mzigo: umewekwa wapi, watu wamesimama wapi. Ile ya pili inakulazimisha kulia tu.

Na kutazama mzigo ni muhimu. Gunia la maharagwe ni kilo 100. Ukiliweka chini kabisa, katikati, limefungwa vizuri, linasaidia bato kusimama. Ukiliweka juu, ama ukiwaweka watu 50 juu kwa sababu wanataka hewa, uzito umepanda, na bato linakuwa kama lori la makabichi kwenye kona za Nyabibwe. Mmeona malori yale. Yakianza kulala hayarudi. Watu wakiogopa wanakimbilia upande mmoja wote, na hapo njo inaisha. Kwa hiyo hata yule mwenye VIP, mwenye kiti laini na soda baridi, hajanunua usalama alioufikiria: amenunua nafasi ya karibu na mlango, ambayo ni kitu kikubwa, lakini yuko kwenye kilele cha eukaliptusi.

Kuna jambo lingine linalonisumbua, na labda ni la wachoraji wa mji kuliko la mabato. Bukavu ina rasi zake tano, kama vidole ndani ya maji. Katika mji huu kukaa karibu na maji ni utajiri. La Botte, Muhumba: bustani zinashuka mpaka ziwani, balkoni za zamani za wabeleji zinaangalia Rwanda. Kila mwaka ukuta mpya unaongezeka, na mtoto wa Kadutu anaweza kukua akiona ziwa kila siku kutoka mlimani bila kuwa na mahali pa kuweka mguu ndani yake. Nchi kavu, maji ni ya tajiri. Ukipanda bato, ghafla maji ni ya masikini. Mtu yule yule ambaye mjini alijenga ukuta ili ziwa liwe lake, kwenye bato anapanda ngazi ili ziwa limwepuke. Hakuna kinachobadilika ila hofu. Balkoni ni nzuri pale ambapo hakuna hatari. Pakiwa na hatari, tunaiachia magunia.

Njo maana sikubaliani na wanaosema kabini ni suala la ladha tu. Upande wa pili wa ziwa, Rwanda, kuna meli ya kitalii, Kivu Queen uBuranga, kabini 10, inauza usiku juu ya maji haya haya. Sina shida nayo. Mtu mwenye pesa alale pale, afungue pazia asubuhi, asalimie wavuvi. Ni maji yale yale, yenye kina karibu mita 485, mvuvi yule yule, sambaza wale wale. Kinachonifundisha ni kwamba ukaribu na maji unaweza kutengenezwa vizuri. Ziwa si la kulaumiwa, wala daraja la chini si la kulaumiwa kwa kuwa chini. Chini ingeweza kuwa mahali pazuri kuliko pote kwenye bato, pa watu wenye tumbo jepesi, wazee, ba mama wenye watoto. Ikiwa na ngazi mbili. Ikiwa na mlango usiofungwa kwa kamba. Ikiwa jile ziko karibu na watu, si kwenye sanduku lenye kufuli huko juu, ambapo zinatolewa tu wakati wa kupita mbele ya komisera wa porti.

Tena tazameni hili. Mwenzetu wa Canada, kabla ya kulipa hata dola moja, alifungua intaneti akaona ramani ya meli: kila ghorofa, kila ngazi, namba ya kila kabini, mahali pa kukusanyika king'ora kikilia. Anaweza kubishana na sisi juu ya balkoni kwa sababu anaona. Biye yangu ya mwisho ya kwenda Goma ilikuwa na muhuri, tarehe na maneno "2e classe". Basi. Sikujua ngazi ngapi, watu wangapi, mlango uko wapi. Mlinunua lini biye yenye ramani?

Tuko asosiasio ya watu wenye licence. Tuna wajenzi, tuna wa sheria, tuna wa informatika, tuna sisi wa mashamba tunaojua uzito wa gunia. Kupima bato moja likiwa limefungwa porti ni kazi ya asubuhi moja: hatua za miguu, idadi ya milango, upana wa ngazi, jile zilizohesabiwa kwa macho. Kuchora ni kazi ya jioni moja. Kubandika mchoro pale wanapouzia biye kunataka ruhusa ya mwenye bato, na wengine watakataa. Kuuweka kwenye page hii hakutaki ruhusa ya mtu. Ninapendekeza tuanze na mabato mawili ya usiku ya Bukavu-Goma. Mimi nitashika mita. Anayejua kuchora kwa mkono ama kwa programu aandike jina lake hapa chini, na aseme kama asubuhi ya jumamosi inamfaa.